Kupanga Taratibu Hifadhi katika Moduli za Hifadhidata: Mfano wa Kamusi ya Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anaposikia hifadhidata ikitajwa, aghalabu hudhani kuwa mazungumzo hayo yamekosea mlango. Hata hivyo, kamusi, kongoo za matini, mikusanyo ya methali na orodha za istilahi ambazo hapo zamani ziliandikwa kwenye vijikadi na kupangwa katika visanduku vya mbao, sasa huwekwa katika tarakilishi. Kwa sababu hiyo, swali la nani anayeruhusiwa kubadilisha nini katika kamusi, na badiliko hilo lifike wapi, limekuwa swali la mwanaleksikografia sawa na lilivyo swali la mhandisi. Makala hii inanuia kueleza jambo moja tu katika uwanja huo mpana, nalo ni namna taratibu zinazohifadhiwa ndani ya hifadhidata ya kimahusiano zinavyoweza kukusanywa katika moduli, na kigezo kinachofaa kutumiwa katika kuzikusanya. Mifano mingi imetolewa katika mfumo wa Oracle kwa sababu ndio ulioliendeleza wazo hili kwa muda mrefu, nayo kamusi inayotajwa ni ya kubuni, japo matatizo yake si ya kubuni hata kidogo.

Utaratibu hifadhi ni nini?

Mwaka 1970 Edgar Codd, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM, alipendekeza kwamba data zipangwe katika majedwali ambayo uhusiano wake unatokana na thamani zilizomo, wala si kamba za siri zinazofungamanisha rekodi moja na nyingine. Katika kamusi, jedwali moja laweza kuwa na vidahizo, la pili likawa na maana, la tatu mifano ya matumizi, na la nne majina ya wahariri. Kila maana hubeba nambari ya kidahizo chake, na kwa nambari hiyo majedwali mawili huweza kusomwa kwa pamoja.

Majedwali peke yake hayajui sarufi. Jedwali halifahamu kwamba wingi wa kitabu ni vitabu, wala kwamba kidahizo hakistahili kufutwa ilhali kina maana tatu zinazokitegemea. Maarifa ya aina hii sharti yaandikwe kama maagizo. Maagizo hayo yanaweza kukaa katika programu zilizo nje ya hifadhidata, au yakaandikwa mara moja na kuwekwa ndani yake, yakapewa jina na kuitwa kwa jina hilo na kila anayeyahitaji. Maagizo ya aina hii ya pili ndiyo yanayoitwa hapa taratibu hifadhi. Mfumo wa Sybase uliyatia maanani mwishoni mwa miaka ya 1980, Oracle ikafuata katika toleo lake la 7 mwaka 1992, nayo MySQL ikayapokea katika toleo la 5.0 mwaka 2005.

Kuhusu istilahi, wapo wanaopendelea kusema utaratibu uliohifadhiwa. Kirai hicho ni sahihi kisarufi, lakini kinachosha kinaporudiwa mara ishirini katika ukurasa mmoja, na wingi wake, taratibu zilizohifadhiwa, unazidi kurefuka. Utaratibu hifadhi unafuata muundo uleule wa hifadhidata na mwanaisimu, ambapo maneno mawili huwekwa pamoja bila kiunganishi, na ndio unaotumika katika makala hii.

Taratibu zinapotawanyika

Ichukuliwe kwamba idara fulani ina kamusi ya aina iliyotajwa. Mwaka wa kwanza panaandikwa utaratibu mmoja unaoitwa unda_wingi. Mwandishi wake anaona kuwa nomino nyingi zinazoanza kwa ki- huchukua vi- katika wingi, naye anaandika kanuni hiyo. Kitabu kinakuwa vitabu, kiti kinakuwa viti, na kila mtu anaridhika. Mwaka wa pili mtu mwingine anahitaji kuchapisha kurasa za kamusi. Utaratibu wake unahitaji wingi pia, lakini hajui kuwa unda_wingi ipo, kwa hivyo anainakili kanuni hiyohiyo ndani ya chapisha_ukurasa. Mwaka wa tatu mhariri anagundua kwamba kamusi inadai wingi wa kiu ni *viu, na wingi wa kima, yule mnyama, ni *vima. Kosa linasahihishwa katika unda_wingi. Anayeitafuta kiu kwenye skrini anaiona ikiwa imesahihishwa, lakini kamusi inapokwenda kwa mpiga chapa, *viu inakwenda nayo.

Ni rahisi kumlaumu aliyenakili. Lakini ikumbukwe kwamba wakati huo hifadhidata ilikuwa na taratibu arubaini zilizopangwa kwa alfabeti tu, ongeza_kidahizo ikiwa jirani ya orodhesha_wahariri, na hapakuwa na alama yoyote ya kumwonyesha mgeni zipi zinahusu umbo la maneno, zipi ni za uchapishaji, na zipi ziliandikwa kwa majaribio zikaachwa. Isitoshe, taratibu zote arubaini zingeweza kuitwa na yeyote mwenye ruhusa, zikiwamo zile ambazo mwandishi wake alizikusudia ziwe vijakazi wa taratibu nyingine. Utaratibu mdogo uliokusudiwa kukata kiambishi ngeli tu, bila kukagua lolote, unaweza kuitwa moja kwa moja na programu ya nje, na siku mwenyewe atakapoubadilisha, programu hiyo itaanguka naye hatajua kwa nini.

Tatizo basi lina sura mbili: kutojua kilichopo, na kutoweza kuficha kisichostahili kuonekana. Watu wengi hulishughulikia la kwanza kwa kubuni majina. Kila utaratibu unaohusu umbo unatanguliwa na umbo_, kila wa uchapishaji na chapa_. Njia hii husaidia macho, na katika mifumo mingine hapana budi kuitumia, lakini jina ni adabu tu wala si sheria. Halimzuii mtu. Fauka ya hayo, katika Oracle majina yalikuwa na kikomo cha herufi 30 hadi toleo la 12.2, na viambishi hivyo viliimeza nafasi upesi.

Kigezo cha kugawa

Kabla ya kuuliza mfumo fulani unatoa chombo gani cha kukusanyia taratibu, yafaa kuuliza zikusanywe kwa kigezo gani. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili hayuko ugenini. Mjadala wa ngeli ni mjadala wa kigezo. Wataalamu waliofuata nyayo za Wilhelm Bleek na Carl Meinhof waliziainisha nomino za Kibantu kwa viambishi vyake, na kwa mtazamo huo kiziwi na kitabu vina makao mamoja. Mtazamo wa upatanisho wa kisarufi, ambao ndio uliozoeleka katika shule za Kenya, unamweka kiziwi katika A-WA kwa kuwa husemwa kiziwi amefika. Nomino ni zilezile, makundi yanatofautiana, na tofauti hiyo inatokana na kile ambacho mwainishaji anataka ainisho lake limfanyie.

Katika uhandisi wa programu swali hilo liliulizwa kwa ukali na David Parnas katika makala aliyoichapisha mwaka 1972. Jambo la kufurahisha, ambalo wanaleksikografia wachache hulifahamu, ni kwamba mfano alioutumia ulitoka katika uwanja wao. Ulikuwa mfumo wa kutengeneza faharasa ya KWIC, yaani faharasa inayoonyesha kila neno muhimu pamoja na muktadha wake, aina iliyoenezwa na Hans Peter Luhn wa IBM mwishoni mwa miaka ya 1950. Mfumo hupokea mistari ya maneno. Kila mstari huzungushwa kwa kuliondoa neno la kwanza na kuliweka mwishoni, mara kwa mara, hadi kila neno lipate zamu ya kutangulia. Mstari lugha ya pwani unazaa pia ya pwani lugha na pwani lugha ya. Kisha mizunguko yote hupangwa kialfabeti na kuchapishwa.

Parnas alionyesha namna mbili za kuugawa mfumo huo. Ya kwanza ndiyo inayomjia mtu haraka: moduli ya kuingiza, moduli ya kuzungusha, moduli ya kupanga, moduli ya kuchapisha, na moja ya kuzisimamia. Huu ni mgawo unaofuata hatua za kazi. Katika mgawo wa pili aliuliza ni maamuzi gani ambayo ni magumu au yanayoelekea kubadilika, akampa kila uamuzi moduli yake ya kuuficha. Namna mistari inavyohifadhiwa katika kumbukumbu ya tarakilishi, kwa mfano, ikawa siri ya moduli moja ya hifadhi ya mistari, na moduli nyingine zote zikalazimika kuiuliza hiyo badala ya kuichungulia data yenyewe. Migawo yote miwili hufanya kazi. Tofauti huonekana siku ya mabadiliko. Katika mgawo wa kwanza, ukibadilisha namna ya kuhifadhi mistari, karibu kila moduli hubadilika. Katika mgawo wa pili hubadilika moja.

Kiswahili kinautia mfano huo uzito ambao Kiingereza hakikuuhitaji sana. Faharasa inayopanga maneno kwa herufi ya kwanza huliweka anasoma kwenye A, tulisoma kwenye T, na wasomaji kwenye W, ilhali mtafiti anataka matumizi yote ya mzizi -som- ayaone mahali pamoja. Kwa hivyo, uamuzi wa neno ni nini kwa madhumuni ya kupanga, iwapo ni umbo lililoandikwa au mzizi wake, ni uamuzi mgumu na unaoelekea kubadilika kadiri uchanganuzi wa mofolojia unavyoendelea. Uamuzi huohuo umewagawanya hata waundaji wa kamusi za kuchapwa: Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, alizikusanya nomino nyingi chini ya vitenzi zilikotoka, wakati kamusi nyingine humpeleka msomaji kwenye kiambishi. Ukiufuata mwongozo wa Parnas, uamuzi huo hustahili moduli yake, na utaratibu wa kupanga kialfabeti haupaswi hata kujua kuwa mjadala upo.

Kwa kuzingatia hayo, taratibu arubaini za kamusi ya mfano hazifai kugawanywa katika za kuingiza, za kuhariri na za kuchapisha, ingawa ndivyo kazi ya idara inavyogawanywa. Umbo la maneno ni siri moja. Historia ya mabadiliko, yaani nani alibadilisha nini na lini, ni siri ya pili. Namna maana na mifano zinavyohusishwa na vidahizo katika majedwali ni ya tatu. Uchapishaji unabaki kuwa mteja wa hizo zote, na hauna haki ya kuwa na kanuni yake ya wingi.

Kuna kundi moja ambalo huzuka karibu kila mahali na ambalo linastahili kutiliwa shaka, nalo ni lile la mengineyo. Humo hutupwa kila utaratibu uliokosa kwao, nalo huvimba hadi likategemewa na kila moduli. Wayne Stevens, Glenford Myers na Larry Constantine, katika makala yao ya mwaka 1974, waliiweka hali hii, ya vitu kukaa pamoja kwa nasibu tu, chini kabisa katika ngazi ya mshikamano wa moduli. Mwenye kuliona kundi la mengineyo likikua ana sababu ya kuamini kwamba kuna uamuzi fulani ambao bado haujatambuliwa.

Tangazo na kiwiliwili

Chombo ambacho Oracle hutoa kwa kazi hii huitwa kifurushi. Wazo lake lilitokana na lugha ya programu ya Ada, iliyobuniwa na kundi lililoongozwa na Jean Ichbiah kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ikasanifishwa mwaka 1983, na kupewa jina la Ada Lovelace, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya kumi na tisa. Pengine bahasha lingekuwa neno bora zaidi, kwa kuwa bahasha ina anwani inayosomwa na wote na barua inayosomwa na mwenyewe, lakini kifurushi kimekwisha kuzoeleka katika biashara ya simu na si rahisi kukiondoa.

Kifurushi kina sehemu mbili zinazohifadhiwa mbalimbali. Ya kwanza ni tangazo. Humo hutajwa majina ya taratibu ambazo watu wa nje wanaruhusiwa kuziita, vigezo vinavyohitajika na aina ya jibu litakalorudishwa, bila kueleza kazi inafanywaje. Ya pili ni kiwiliwili. Humo ndimo mnamoandikwa maagizo yenyewe, pamoja na taratibu nyingine zozote ambazo hazikutajwa katika tangazo. Hizi za mwisho zinaweza kuitwa na wenzao wa ndani tu. Mtu wa nje akijaribu kuziita, mfumo humjibu kuwa hakuna kitu cha jina hilo.

Nyumba ya mawe ya Lamu inaueleza mpango huu vizuri kuliko mchoro wa mhandisi. Mgeni hupokelewa kwenye daka, akaketi kwenye viti vya mawe vilivyo kando ya mlango, akasema haja yake na kujibiwa. Ukumbi wa kuingilia umepindwa makusudi ili hata mlango ukiwa wazi, macho yasifike kiwandani, sembuse ndani. Wenye nyumba wanaweza kubadilisha matumizi ya vyumba vyote na mgeni wa daka asihisi lolote, mradi haja yake inajibiwa palepale na kwa namna ileile. Tangazo ni daka. Utaratibu wa kukata kiambishi ngeli hauna kazi darini wala barazani. Makao yake ni ndani.

Katika kamusi ya mfano, kifurushi cha umbo kingekuwa na tangazo fupi sana: utaratibu wa kutoa wingi wa nomino, wa kutaja ngeli yake, na wa kutoa mzizi wa kitenzi. Kiwiliwili chake kingebeba orodha ya nomino zisizofuata kanuni, ukaguzi wa viumbe wenye uhai ili kiziwi na rafiki wapewe upatanisho wa A-WA licha ya viziwi na marafiki kuwa na viambishi vya ngeli nyingine, na ule utaratibu wa kukata viambishi. Kosa la *viu likitokea, lina mahali pamoja pa kutokea na mahali pamoja pa kurekebishwa.

Kutengana kwa sehemu hizi mbili kuna matokeo makubwa ya kiutendaji. Mfumo huweka kumbukumbu ya nani anamtegemea nani. Utaratibu wa uchapishaji unaoita kifurushi cha umbo hulitegemea tangazo lake, hautegemei kiwiliwili. Kwa hivyo, kiwiliwili kikiandikwa upya, wategemezi wake hubaki halali na hawahitaji kukusanywa tena. Utaratibu wa pekee ulio nje ya kifurushi hauna hifadhi hiyo, kwani maagizo yake yakibadilika, wote wanaouita hutiwa shaka na mfumo na huhitaji kuthibitishwa upya. Tangazo lenyewe likibadilishwa, wategemezi hutikisika pia, ingawa tangu toleo la 11g la mwaka 2007 mfumo umekuwa mpole zaidi na huwaacha wale wasioguswa na badiliko hilo. Aidha, vifurushi viwili vinaweza kutegemeana, kila kiwiliwili kikilisoma tangazo la mwenzake, bila kuingia katika mzunguko usio na mwanzo.

Jambo la uwezo wa jina moja kubeba maana kadhaa litawavutia wanaisimu. Ndani ya kifurushi, taratibu mbili zinaweza kuitwa wingi, moja ikipokea neno lenyewe na nyingine nambari ya kidahizo, na mfumo hutambua iliyokusudiwa kwa kuangalia aina ya kigezo. Ni homonimia inayotatuliwa na muktadha, kama vile kaa la moto lisivyochanganywa na kaa wa pwani anapotajwa kwenye sentensi yenye upatanisho. Nje ya kifurushi Oracle hairuhusu hilo.

Gharama zake

Vifurushi vina kasoro ambazo wasifiaji wake huzipitia mbio. Ruhusa hutolewa kwa kifurushi kizima. Haiwezekani kumruhusu mhariri msaidizi aite utaratibu wa kusoma historia ya mabadiliko na kumnyima ule wa kuifuta, iwapo zote mbili zimetajwa katika tangazo moja. Anayetaka utengano huo hana budi kutengeneza vifurushi viwili, kimoja cha wasomaji na kingine cha wasimamizi. Hapa basi kigezo cha pili, kile cha nani anaruhusiwa nini, hukikata kigezo cha Parnas, na mara nyingi ndicho kinachoshinda.

Kasoro nzito zaidi inahusu vigeu vya kifurushi. Kifurushi kinaweza kuwa na vigeu vyake ambavyo thamani zake hudumu muda wote wa kipindi cha mtumiaji, kila kipindi kikiwa na nakala yake. Ni kishawishi kikubwa. Mhariri anapoingia, jina lake huwekwa katika kigeu mara moja, na kila badiliko analolifanya baadaye huandikwa kwa jina hilo pasipo kuliuliza tena. Mpango huu ulifaa wakati kila mhariri alipokuwa na kipindi chake mwenyewe tangu asubuhi hadi jioni. Lakini programu za mtandao hushiriki vipindi vichache vilivyokwisha kufunguliwa, zikapokezana kama abiria wanavyopokezana viti vya matatu. Mhariri wa kwanza akishuka bila kigeu kufutwa, wa pili huketi kwenye kiti chenye jina la mwenzake, na marekebisho yake yote huingia katika historia kwa jina la mtu ambaye hakuyafanya. Katika kamusi, ambapo sifa ya kazi na lawama ya kosa hufuata jina, madhara yake si madogo, na ni vigumu kuyagundua kwa kuwa hakuna ujumbe wa hitilafu unaotokea. Dawa ni kulipitisha jina la mhariri kama kigezo katika kila mwito, hata kama kufanya hivyo kunaonekana kuwa urudiaji, au kuviweka upya vigeu vyote kila kipindi kinapobadilisha mwenyewe.

Vigeu hivyo hivyo husababisha mshangao mwingine. Kiwiliwili cha kifurushi chenye vigeu kikibadilishwa wakati watu wanaendelea na kazi, wale waliokwisha kukitumia hupata hitilafu ya kuarifiwa kuwa hali ya kifurushi imetupwa. Mwito wa pili hufaulu, lakini vigeu vimerudi mwanzo. Mabadiliko ya aina hiyo hufanywa usiku.

Mahali pasipo na vifurushi

Si kila idara ina uwezo wa kulipia Oracle, na ni sahihi kusema kwamba miradi mingi ya lugha hutumia mifumo huria. Kiwango cha kimataifa cha SQL kiliweka nafasi ya moduli mwaka 1996 katika sehemu yake inayohusu taratibu hifadhi, ila watengenezaji wengi walikwenda njia zao. DB2 ya IBM ilipata moduli mwaka 2009 katika toleo la 9.7. Firebird ilipata vifurushi mwaka 2016, nayo MariaDB mwaka 2018, mwanzoni katika hali inayoiga Oracle. SQL Server ilikuwa na njia ya ajabu ya kuzipa taratibu kadhaa jina moja na kuzitofautisha kwa nambari, ili zifutwe zote kwa amri moja. Hilo lilikuwa fungu la kufutia kuliko moduli, na Microsoft imewatahadharisha watumiaji wasilitegemee.

PostgreSQL, ambao ndio mfumo huria unaowafaa zaidi wanaoanza, hauna vifurushi. Badala yake una skima, yaani mitaa ndani ya hifadhidata moja, ambayo ilianza katika toleo la 7.3 la mwaka 2002. Skima haina tangazo wala kiwiliwili, lakini daka linaweza kujengwa kwa mkono. Hutengenezwa skima mbili: moja ya wazi yenye taratibu chache za kuitwa na wote, na nyingine ya ndani yenye majedwali na taratibu saidizi. Watumiaji wa kawaida hawapewi ruhusa ya kuitumia skima ya ndani. Taratibu za skima ya wazi huundwa ziendeshwe kwa mamlaka ya mwenyewe badala ya mamlaka ya anayeziita, na hivyo huweza kuingia mahali ambapo mgeni hawezi. Tahadhari mbili ni lazima. Kwanza, PostgreSQL kwa kawaida humruhusu kila mtu kuita utaratibu mpya, hivyo ruhusa hiyo sharti iondolewe kwa makusudi pale isipotakikana. Pili, utaratibu unaoendeshwa kwa mamlaka ya mwenyewe sharti utaje waziwazi ni skima zipi utatafuta majina yake, la sivyo mtu mwenye hila anaweza kuutangulizia kitu chake chenye jina lilelile. Faida moja ambayo skima inayo na kifurushi hakina ni kwamba ruhusa huweza kutolewa kwa utaratibu mmojammoja.

Kuzihamisha taratibu zilizopo

Idara yenye taratibu arubaini zilizotawanyika haiwezi kufunga kamusi kwa mwezi mzima ili izipange. Njia iliyo salama ni kuanza na moduli moja, na katika mfano huu ni ile ya umbo, kwa kuwa kanuni zake ndizo zilizonakiliwa mahali pengi. Kifurushi huandikwa na kujaribiwa kwa orodha ya maneno magumu: kiu, kima, chama, rafiki, kiziwi. Jina lake lisiwe sawa na jina la jedwali au la utaratibu wa zamani, kwani katika Oracle vitu hivyo hushiriki uwanja mmoja wa majina na kimoja humzuia mwenzake. Kisha maagizo ya unda_wingi ya zamani hufutwa na mahali pake huwekwa mstari mmoja unaoita kifurushi kipya. Wateja wake hawatambui lolote. Baada ya hapo hutafutwa nakala zilizofichwa, kama ile ya chapisha_ukurasa, nazo huondolewa moja baada ya nyingine.

Ganda la utaratibu wa zamani litabaki hadi ibainike kuwa hakuna anayeliita. Kumbukumbu ya utegemezi iliyomo katika hifadhidata huwataja wategemezi walio ndani yake tu. Programu za nje hazimo, wala miito inayotungwa kama matini wakati programu inapoendeshwa. Programu ya ripoti inayoendeshwa mara moja kwa mwaka ndiyo husahaulika zaidi. Kwa ajili hiyo ganda huachwa mwaka mzima, na siku ya kuliondoa, huanzwa kwa kunyang'anya ruhusa ya kuliita kabla ya kulifuta, kwa sababu ruhusa hurudishwa kwa amri moja mhariri akipiga simu kulalamika.